Watoto wa Shifra na Pua

Harufu ya mkasi unaochemka sufuriani bado hunirudisha Kator, mtaa wetu wa Juba. Ni harufu ya chuma na moshi wa makaa, na kwetu ilikuwa na maana moja tu: Mama anatoka, mimi nabaki. Tulirudi kutoka Kenya mwaka wa uhuru wa Sudan Kusini, yeye na mimi peke yetu, na kwa kuwa alikuwa mkunga, mtaa mzima ulimwita daya, kwa Kiarabu cha Juba. Watoto wenzangu waliniita Mkenya na kunicheka nikifungua mdomo, basi nilishinda mlangoni nikimsubiri. Kwenye mafundisho ya Jumapili mwalimu alitusimulia habari za Shifra na Pua, wakunga wa kale kabisa ambao majina yao yamebaki. Farao aliwaamuru wawaue watoto wa kiume wa Waebrania. Wakawaacha hai, kisha wakamdanganya kwamba wanawake wale hujifungua kabla mkunga hajafika. Nilivimba kichwa. Mama za wenzangu waliuza nyanya, wangu alikuwa ndani ya hadithi.

Kisha vita vipya vikaanza. Asubuhi moja jirani yetu Nyaruach, ambaye watu wa kabila lake walikuwa wakisakwa nyumba kwa nyumba, aliingia kwetu ameshika tumbo. Mama alimlaza nyuma ya pazia, akatia mkasi sufuriani, akaniambia nipepee makaa. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza amezaliwa, amelazwa kifuani pa mama yake, askari walipobisha.

"Daya, ule mwanamke iko wapi?" mmoja aliuliza.

Mama alisimama mlangoni, mikono ikichuruzika maji. "Hao hawangojangi daya," akasema. "Nilipata ashazaa, ashaenda."

Askari alinitazama. Niliendelea kupepea mpaka wakaondoka. Mchana huo Mama alimpeleka Nyaruach na kichanga kwenye kambi ya waliokimbia, nje ya mji. "Poni, kaa na shangazi yako," aliniambia. "Nikimfikisha, narudi."

Hakurudi. Kambini wajawazito walikuwa wengi, na mkunga ni yeye; waliotoka huko waliniletea salamu tu. Nilikaa kwa shangazi, mtaa wa Hai Cinema, nyuma ya kibanda chake cha chai, kiangazi chote, mpweke hata chakula hakipiti. Siku moja nilichemsha kisu chake ili tu ninuse. Jumapili mwalimu alimalizia hadithi: Mungu aliwabariki Shifra na Pua, akawapa familia zao wenyewe. Nikauliza watoto wao walikuwa wakiachwa na nani.

"Hiyo haikuandikwa, Poni," alisema, akamgeukia mwingine.

Mama alirudi mvua zilipoanza, amekonda. Aliniambia binti wa Nyaruach anaitwa Poni. Kila alipombeba lilimtoka jina langu, hata mama mtu akaona abaki nalo tu. Ilinichoma. Poni ni jina la binti wa kwanza kwetu Wabari, na lilikuwa langu.

Leo mkasi umeshika kutu. Mama hutoka kwa nadra sana. Anashinda nyumbani, kama nilivyokuwa nikiomba zamani, ila sasa mimi ndiye nina kazi mtaa wa Malakia, na kwake nafika Jumapili kwa Jumapili. Nyaruach alirejea nyumba ya jirani. Mama akiita "Poni" kutoka uani, tunaitika wawili. Yule mdogo hufika kwanza, maana ndiye anayekaa karibu.