Mgawa karata aliyefukuzwa kwa kumheshimu mzee

Saa moja asubuhi, Kimisagara. Mukunde Harriet anachota maziwa ya mgando, anajaza kikombe hadi ukingoni, kisha anampa mzee aliyekaa karibu na mlango. Mkono wa kulia umeshika kikombe, wa kushoto umegusa kiwiko cha kulia. Hakuna mteja anayeushangaa mkono huo. Hapa Kigali mtoto hufundishwa kumpa mkubwa kitu namna hiyo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Mkono huo wa kushoto ndio uliomfukuzisha kazi.

Kwa miaka tisa Mukunde, mwenye umri wa miaka 34, alikuwa mgawa karata kwenye kasino moja ya hapa jijini. Gazeti halitaitaja, kwa sababu shauri lake bado liko kwa mkaguzi wa kazi. Meza yake ilikuwa ya blakijeki, ule mchezo wa kukimbilia ishirini na moja bila kuipita. Mshahara ulikuwa faranga 280,000 kwa mwezi. Leo, kwenye duka hili la maziwa, anapata 2,500 kwa siku, na chai juu.

"Sioni aibu kuuza maziwa," anasema, huku akifuta kaunta kwa nguvu kuliko inavyohitaji. "Aibu ninayoiona ni ya kuitwa mwizi na watu walioniibia jina langu."

Mukunde alizaliwa Karagwe, Tanzania, familia yake ikarudi Rwanda akiwa msichana mdogo. Kiswahili chake ndicho kilichompa kazi kasino, kwa kuwa wageni wengi walitoka Dar es Salaam, Bukavu na Goma. Akafundishwa kugawa. Akashonewa sare isiyo na mfuko hata mmoja. Akafundishwa pia kwamba akitoka mezani lazima aigeuze mikono, ndani na nje, kamera imuone hana kitu.

"Mikono yangu walikuwa wanaijua kuliko mama yangu," anasema.

Mzee aliyepewa kikombe anacheka kwa chini. Anaitwa Nzeyimana Cassien, fundi redio, na karakana yake iko hatua chache kutoka hapa. Ndiye mtu wa pili katika kisa hiki. Kabla ya mwaka jana hawa wawili walijuana kwa salamu za mezani tu.

Mzee Cassien alikuwa akienda kasino kila Jumamosi mchana. Mwanzoni alipoteza kama wengine. Halafu akanunua pakiti ya karata, akaiweka kwenye meza yake ya kazi katikati ya redio za watu, akaanza kujifunza kuhesabu.

Kuhesabu karata si uchawi. Karata ndogo zikishatoka kwa wingi, kwenye sanduku la kugawia hubaki kubwa nyingi, na kubwa humfaa mchezaji. Anayezikumbuka zilizotoka huweka dau dogo hali ikiwa mbaya, na dau nono hali ikigeuka. Haibi, hafichi, hagusi karata isiyo yake. Anatumia kichwa alichozaliwa nacho.

"Mimi nilikuwa nahesabu tu," anasema Mzee Cassien. "Kuhesabu iko na kosa gani? Kama hawataki watu wa kufikiri, bon, waandike pale kwenye mlango: wenye akili hapana ingia."

Je, mchezaji hodari bado anaweza kuishinda kasino? Mukunde amesimama upande wa pili wa meza kwa miaka tisa, na jibu lake halina kona.

"Karata anaweza kuzishinda. Kidogo, na kwa uvumilivu mwingi. Nimewaona kwa macho yangu. Lakini kasino haikai ikisubiri ashinde. Mtu akianza kuongeza dau kwa akili, nasikia msimamizi kwenye kile kifaa cha sikioni, 'Changanya.' Nachanganya, hesabu yake yote inakufa. Blakijeki yenyewe, ile ishirini na moja ya karata mbili za kwanza, wameipunguzia malipo: zamani ukiweka elfu kumi ulipata elfu kumi na tano, leo ni elfu kumi na mbili. Mtu anacheza hivyo hivyo. Akishinda bado, anaambiwa asirudi. Sasa huo ni mchezo gani, mmoja anaruhusiwa kushinda na mwingine haruhusiwi?"

Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini mabango yanaendelea kung'aa barabarani, yanawaita vijana waje wajaribu ujuzi wao, na hakuna bango linaloeleza kinachompata mwenye ujuzi wenyewe. Huko ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Jumamosi moja mwezi Machi mwaka jana, hesabu za Mzee Cassien zilikaa sawa. Siku hiyo sikio la Mukunde lilikuwa kimya, kwani msimamizi alikuwa ametoka kula. Mzee akashinda mchezo baada ya mchezo, na kila aliposhinda Mukunde alimsogezea jetoni zake, zile sarafu za plastiki za kuchezea, kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikwenda wenyewe kwenye kiwiko.

"Sheria inasema mikono yote ibaki juu ya meza, wazi. Naijua. Lakini mbele yangu amekaa mtu wa umri wa baba yangu. Huo mkono siutumi, unakwenda."

Mzee alipofika kwenye dirisha la malipo kuchukua fedha zake, aliambiwa asubiri. Akasubiri mpaka akaambiwa hazipo, kwamba kuna uchunguzi. Picha yake ikabandikwa mlangoni.

Mukunde naye akaitwa chumba cha kamera. Msimamizi, mgeni ambaye hakuwa na mwaka mzima nchini, akamuonyesha kipande kifupi cha picha za kamera, akidai alikuwa akimpa mzee siri za karata: mkono wa kushoto, kiwiko, mkono wa kushoto, kiwiko.

"Akaniuliza, hii ishara maana yake nini? Nikamwambia, maana yake huyu ni mzee. Akacheka. Mnyarwanda mwenzangu alikuwa amekaa pembeni yake, amelelewa kama mimi, anajua kabisa. Akatazama viatu vyake."

Msimamizi hamkasirishi sana, anasema, kwa kuwa hakujua na hakutaka kujua. Anayemnyima raha ni yule wa viatu.

Kisha likaja pendekezo. Aseme kwamba mzee ndiye aliyemfundisha ishara hiyo, naye atasamehewa na kuhamishiwa meza nyingine. Mukunde akakataa. Kibarua kikaota nyasi siku hiyo hiyo. Alipojaribu sehemu nyingine mbili za michezo, zote zilikuwa zimeshapata habari zake.

Kanisani kwao Rebero, anakoishi na mama yake, watu wameanza kumsalimia kwa uangalifu. "Mama ananiuliza, mwanangu, kweli hukuchukua kitu? Mama mzazi," anasema. "Hilo sitawasamehe."

Tulipoipigia simu kasino hiyo, ofisa mmoja alijibu kwamba taratibu zilifuatwa, kisha akakata.

Gahongayire, mwenye duka la maziwa, hana subira na maneno ya ofisini. "Mimi mfanyakazi akimpokea mzee wangu vibaya hapa, namtoa," anasema. "Wao wamemtoa huyu kwa kupokea vizuri. Iko watu wanataka pesa za Wanyarwanda lakini Wanyarwanda wenyewe hawawataki."

Shauri litasikilizwa Jumanne. Wapo waliomshauri Mukunde ajitetee kwamba alisahau sheria, aombe radhi, yaishe. Hataki.

"Heshima si utumwa. Ninachotaka ni picha zichezwe zote, si kipande kile tu. Waonyeshe wazee wote waliokaa mezani kwangu na kupoteza. Kuna mmoja alimaliza pale pesa ya ng'ombe. Nilimsogezea jetoni yake ya mwisho hivi hivi, mkono kwenye kiwiko. Mbona hiyo hawakuiita ishara? Huyo msimamizi mwenyewe ana mvi. Funguo za meza nilikuwa nampa hivi kila siku, na alikuwa anapokea."

Anatumaini kurudishiwa jina lake na barua ya kazi itakayomwezesha kuajiriwa popote, hata kama si kwenye karata. Mzee Cassien atakuwepo kama shahidi; fedha zake anazidai katika shauri jingine.

Nakala za ushahidi wake Mukunde ameshazipanga. Anasema amemwona mkaguzi wa kazi mara moja tu: mtu mzima, nywele nyeupe, miwani.

"Jumanne nitampa karatasi zangu mbele yao," anasema, akichota kikombe kingine. "Nitampa kama ninavyowapa wazee. Wao watakuwa wamekaa pale pale. Waitazame hiyo ishara vizuri."