Mbu wa Nyumba Yenye Joto, Olenguruone

Kazi yangu ni kupasua mbu. Wenzangu wa Bondeni, hapa Nakuru, hunicheka, lakini tumbo la mbu mmoja lina mambo kuliko sinema. Safari hii nilitumwa Olenguruone kwa sababu ya mtoto aitwaye Chebet. Alipatikana na malaria, na kule kuna baridi. Kwa kawaida mbu hufa kabla vimelea havijakomaa ndani yake. Kliniki ikasema lazima mama yake alimpeleka nchi ya joto. Mama akakana. Mumewe, Kiprono, aliamini kliniki, na tangu hapo alimuuliza mkewe kila siku alikuwa ameenda kwa nani.

Asubuhi niliondoka na pikapu ya ofisi. Njoro kulikuwa na jua. Molo nikavaa sweta. Baada ya Keringet ukungu ulifunika barabara, nikaongeza koti na kujiuliza ni mbu gani mwenye akili timamu angeishi huku.

Olenguruone, Mama Chebet alinikaribisha kwa mursik, maziwa yao ya mgando. Mtoto alikuwa ameshapona, anafukuza kuku. Kiprono, anayepeleka viazi Kisumu kwa lori, alinisalimia vizuri.

"Daktari, mimi sijatoka hapa," mama alisema kabla sijaweka kikombe chini. "Hata Molo sijafika."

Nilimwonea huruma. Nikaomba kuona chumba cha mtoto. Nje nilikuwa natetemeka, lakini humo nilivua koti: ukuta umepakana na jiko la kuni ambalo halizimwi, una joto kama mkate mpya. Nyuma ya nguo zilizotundikwa nilinasa mbu watatu.

Mchana nikaweka hadubini mezani. Mbu wa kwanza hakuwa na kitu. Wa pili vilevile, nikaanza kukata tamaa. Wa tatu alikuwa na vifuko vya mviringo kwenye ukuta wa tumbo, na ndani yake vimelea vinakua. Nilifurahi mno, nikawaita wote wawili waangalie. Nikaeleza kwamba mbu hazaliwi navyo. Huvinyonya kwa mgonjwa, akavilea siku nyingi penye joto, ndipo akampa mwingine. Huyu labda alivitoa kwa Chebet mwenyewe, lakini sasa tumejua vinaweza kukomaa humu ndani bila mtu kusafiri.

"Na yule aliyemuuma Chebet," Kiprono akauliza, "alivitoa kwa nani?"

Nikauliza kama kuna mtu aliyepata homa kabla ya mtoto. Mama Chebet alimwangalia tu mumewe.

"Ni mimi," Kiprono akasema. "Nilitoka Kisumu nikitetemeka. Nikameza dawa ya maumivu, nikarudi kazini."

"Nilikufunika blanketi mbili," mkewe akasema. "Na sikukuuliza ulikuwa umelala kwa nani."

Kiprono alimwomba msamaha mbele yangu, kisha akaninyoshea kidole nimpime. Vimelea vilikuwa bado damuni, vichache. Nikampa dawa.

Jioni nilirudi Nakuru nikiwa na hamu ya kupima joto la kuta za nyumba zote za milima ile. Lakini nilichojifunza zaidi ni hiki: mama asiyetoka nyumbani aliulizwa alienda wapi, na baba anayesafiri kila wiki hakuna aliyemuuliza alirudi na nini.