Tiketi ya Mke wa Kiongozi wa Msafara

Siku yangu ya kwanza kazini, barua yangu ya kwanza ilichanwa. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa karani wa safari katika kampuni ya kigeni iliyokuwa ikijenga mitambo ya kusafisha maji vijijini, ofisi yake ikiwa Tarime mjini. Niliambiwa nimwalike mhandisi mmoja wa serikali akaone kiwanda chetu nje ya nchi. Niliandika kwa heshima zote, jina lake na cheo chake juu kabisa. Mkuu wa Utawala, Mama Komba, mwenyeji wa Songea, aliisoma akaichana vipande viwili.

"Umemwandikia mtu," alisema. "Iandikie ofisi yake. Wao ndio watachagua nani aende."

"Lakini mama, huyu ndiye tunayemfahamu."

"Ndiyo maana."

Ninyi mnaoingia kazi hii leo mnasomea mambo haya kwenye kompyuta. Mimi nilifundishwa na Mama Komba. Alinieleza kwamba nchi ilikotoka kampuni yetu ina sheria inayokataza kumhonga mtumishi wa serikali ya kigeni. Nilicheka kimoyomoyo nilipoelewa kuwa huyo "wa kigeni" ni ofisa wetu wa hapa hapa Mara. Sheria zetu nazo zinakataza rushwa, kwa hiyo kampuni ilibanwa pande zote mbili. Kumlipia ofisa safari hakukukatazwa, ila safari iwe ya kazi kweli: kukagua mtambo au kujifunza kuuendesha. Tiketi tuliilipia wenyewe kwa shirika la ndege, na hoteli ya kawaida vilevile. Ofisa hakupewa fedha mkononi. Mke au mume hakulipiwa, wala siku za matembezi. Na kama ombi letu la kibali lilikuwa mezani kwa ofisa huyo huyo, tulijihadhari mara mbili.

Baadaye nilihamishiwa Issenye, upande wa Serengeti. Msimamizi wa Eneo kule, mzee mkimya, hakufunga jalada la safari yoyote kabla aliyesafiri hajaandika alichojifunza. "Asiye na la kuandika alikwenda kutembea," alikuwa akisema. Nilikaa naye miaka minne, kisha nikarudishwa Tarime kwa ajili ya mradi wa kijiji cha Kerende.

Kerende ndiko nilikoolewa. Visima vya upande wetu vilikuwa na maji ya chumvi, na mama mkwe wangu, pamoja na umri wake, alifuata maji mbali. Kibali cha mtambo kilisubiri wataalamu watatu wa serikali waende kuukagua kiwandani. Ofisi yao ikawateua. Wiki mbili kabla ya safari, kiongozi wa msafara alinipigia simu, sauti yake ya upole.

"Dada, mke wangu hajawahi kupanda ndege. Mwongezeni. Na tukimaliza kazi, mtuachie siku nne za kupumzika pale mjini. Kibali si mnakihitaji?"

Nilimpelekea habari Meneja Mkazi. Alikuwa mzungu aliyekwisha kukaa nchini miaka mingi, wala hakuwa mtu mbaya. Alitaka mradi wake uishe. "Mwandike kuwa ni katibu wa msafara," alisema. "Nani atauliza?"

Nitasema ukweli: niliandika. Nilijua ni kosa, lakini nilimfikiria mama mkwe na ndoo yake. Nikampelekea Mama Komba asaini.

"Huyu katibu anatoka ofisi gani?" aliuliza.

Nikajifanya kupanga majalada.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Ni mke wa kiongozi. Mama, Kerende wanataka maji."

"Na mimi nataka wayapate." Akainuka, akaingia kwa Meneja Mkazi bila kufunga mlango. Nilisikia kila neno.

"Tukikosa kibali mradi utakufa," alisema Meneja, "na wewe ndiye utakuwa umeuua."

"Basi andika hivyo kwenye taarifa yako. Hiyo nitasaini. Hii sisaini."

Siku ile ile aliwaandikia makao makuu, nakala kwa Meneja. Safari nzima ikasitishwa. Mimi nikapewa barua ya onyo, na nilistahili.

Ikapita miezi, kibali kimya. Nyumbani mama mkwe aliniuliza, "Mkamwana, nasikia maji yetu mmeyazuia wenyewe kwa ajili ya tiketi. Ni kweli?" Mama Komba alipopata habari kwamba watu wana hasira, alikwenda mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji. "Mkiuliza nani kachelewesha maji, ni mimi," aliwaambia. Walimzomea. Hakumtaja kiongozi wa msafara, wala mke wake.

Aliyetuokoa alikuwa mmoja wa wale wataalamu watatu, Mhandisi Neema, binti wa Kigoma. Alikuja Tarime kwa gari la ofisi yake na swali moja: "Mtambo si unakuja huku? Kwa nini tusiukague huku huku?" Wakubwa wake wakakubali. Mtambo ulipofungwa Kerende, aliupima siku sita, akilala nyumba ya wageni aliyolipiwa na ofisi yake. Siku ya tatu aligundua chujio limepasuka; alipomaliza vipimo akaukataa.

"Kule kiwandani wangenionyesha mwingine, uliong'arishwa," alisema. Meneja Mkazi alikuwa wa kwanza kukubali. Aliagiza chujio jipya, ukaguzi ukarudiwa, kibali kikatoka.

Siku bomba lilipofunguliwa, mama mkwe alionja, akaonja tena. "Mwambieni yule mama tuliyemzomea aje ale kwangu," alisema. Mama Komba akaja, akala, akaongezewa.

Alipostaafu nilikalia kiti chake, na mwaka jana nami nikastaafu. Vijana wa ofisini huniuliza kama kazi ile inataka mtu asiye na woga. Nami nilidhani hivyo muda wote, hadi juzi nilipompigia simu Mama Komba kwao Songea kumjulia hali, nikamuuliza kama siku ile alipokataa kusaini hakuogopa.

"Niliogopa sana," alinijibu. "Nilikuwa na watoto wawili chuoni. Nilipotoka kwa Meneja niliingia chooni nikalia, nikanawa uso, ndipo nikarudi mezani kuandika ile barua."