Chupa Ilikuwa ya Kweli

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa pua kabla ya kuikumbuka kwa macho. Nikipita mahali fundi anapopaka milango rangi, harufu ile ya maji ya kuyeyushia rangi ya zamani inanisimamisha barabarani, na watu wa nyuma yangu wanashangaa kwa nini mama mzima amesimama katikati ya njia. Asubuhi hiyo ilikuwa ya kumaliza matanga ya mama yetu, hapa Butembo.

Baba alikuwa ametangulia. Mama alipoanza kuugua niliacha shule na kushika meza yake ya sokoni, na alipoondoka tukabaki watatu: mimi Masika, Paluku anayenifuata, na Kavira, ambaye wewe unamwita mama. Najua hajakusimulia. Alikuwa mdogo sana, na mengine hayakumbuki. Mimi nayakumbuka kwa niaba yake.

Siku hizi mnapunguza nywele kidogo na kusema inatosha. Wakati ule, kwetu, watoto wa marehemu walinyolewa kichwa chote siku ya kumaliza matanga, na wembe ukishapita, shangazi, yaani dada ya baba, ndiye aliyewapaka dawa kwa mkono wake. Alianza na mdogo kabisa na kumalizia na mkubwa. Hakuna aliyemnyang'anya shangazi kazi hiyo. Ilikuwa namna yake ya kusema kwamba watoto bado wana mtu.

Kinyozi wetu alikuwa Mzee Ramazani, Mwislamu wa Beni. Mama alikuwa akimpelekea mke wake viazi vya Masereka, na wale wanawake wawili walipendana mpaka mama akawa na mkeka wake katika nyumba ile. Mzee alipopata habari ya msiba alipanda lori la mjomba, kaka ya mama, aliyekuwa dereva wa kubeba kakao kutoka Oicha, akaja kutunyoa mwenyewe. Alikataa hata soda.

Mjomba naye hakuja mikono mitupu. Kabla ya kutoka Beni alipita sokoni akanunua losheni ya ndevu, ile ile aliyotumia baba Jumapili kabla ya misa. Haikuwa kitu cha tajiri. Ni losheni ya bei ya chini, ya rangi ya majani mabichi, ambayo kila mwanaume wa mtaa wetu aliweza kuinunua. Lakini kwetu ilikuwa harufu ya baba. Mjomba aliitoa ndani ya boksi lake, mpya, imefungwa, akampa shangazi mbele ya watu wote.

"Batoto basikie papa yabo leo," alisema, na wanawake wakaanza kulia upya.

Mzee Ramazani alikuwa na jiwe lake la shabu, lile jeupe ambalo vinyozi wanalisugua palipokatwa. Akalionyesha. Shangazi akatikisa kichwa: hapana, leo ni losheni ya kaka yake. Mzee aliitazama chupa mikononi mwa shangazi, akaona ni aina anayoijua, akarudisha jiwe mfukoni. Akamnyoa Kavira vizuri sana, ingawa mtoto hakutulia na wembe ulimgusa mahali pawili patatu. Kisha akamvuta Paluku na kuanza upande wa kushoto.

"Yaya, ona!" Kavira alinionyesha mimi, dada yake mkubwa, kichwa chake, akicheka kwa mara ya kwanza tangu tuzike. "Iko baridi!"

"Sawa kiazi yenye kumenywa," Paluku alimtania kutoka chini ya wembe.

"Weye njo kiazi! Yako ingali na udongo!"

Hapo shangazi akafungua chupa. Harufu ikanifikia pale nilipokaa, na nikashtuka. Losheni ya baba ilikuja polepole, kama ndimu iliyokatwa chumba cha pili. Hii ilinipiga puani kama ngumi.

"Shangazi," nilisema, "hii hapana kunuka kama ya papa."

"Nyamaza. Papa yako alikuwa kaka yangu, miye njo sijue harufu yake?"

Watu walinitazama. Katika matanga mtoto hamfundishi mkubwa. Nikanyamaza kwa muda wa kumeza mate, na katika muda huo shangazi alikuwa amekwisha kujaza kiganja na kukipitisha juu ya kichwa cha Kavira, kutoka utosini hadi kwenye paji la uso. Nyingine ikatiririka.

Mwanangu, nimesikia mengi katika mji huu. Nimesikia risasi kutoka upande wa mlima na watu wakikimbia na magodoro. Lakini sauti aliyotoa mama yako sijaisikia tena, na sitaki. Hakulia kwanza. Alivuta pumzi ndani, ndani, mpaka nikadhani hatairudisha. Kisha: "Macho! Yaya, macho yangu!"

Kiganja cha shangazi chenyewe kilikuwa kimeanza kuwa chekundu. Alikitazama kama si chake. Hakuna aliyesogea. Watu wazima wote wale, na mjomba na mabega yake ya udereva, walikuwa wamegeuka miti. Nilimbeba Kavira nikamlaza juu ya beseni la kuoshea vyombo, nikaanza kumwagia maji. Ndipo wote wakaamka kwa pamoja, kila mmoja na dawa yake.

"Mutie mafuta ya mawese!"

"Hapana, maziwa! Leteni maziwa!"

Jirani mmoja alikuwa tayari na kijiko cha mafuta. Mzee Ramazani akamshika mkono, na wembe ungali katika mkono wake mwingine. "Mayi tu! Hapana kumupaka kitu! Binti, mwanga mayi, usiache! Fungua jicho lake na vidole, hata akilia!"

Nilimwagia maji. Walinibadilishia ndoo, nikaendelea. Ngozi ya kichwa, pale wembe ulipogusa, ilikuwa inainuka kama ya maziwa yaliyochemka. Tulipompandisha kwenye lori bado nilikuwa namwagia kwa kikombe, na katika kituo cha afya muuguzi alinikuta nikiendelea. Aliniondolea kikombe mkononi taratibu, akaingia na Kavira ndani.

Tukabaki kwenye benchi, mimi na mjomba, shangazi na Mzee Ramazani. Hatukujua kama mtoto ataona tena. Muuguzi alitoka mara moja tu, macho ya Kavira yakiwa yamefungwa bendeji, akasema jicho la kulia lina afadhali, la kushoto hawezi kusema. Kisha akaomba kuona alichopakwa, na mjomba akatoa chupa na boksi lake. Alinusa kidogo akarudisha kichwa nyuma. "Hii ni ya kuondosha rangi ku mabati. Nani anatia hii mu chupa ya losheni?"

Mjomba alianza kuapa. Alinunua dukani, palepale sokoni, si kwa mchuuzi wa kutembeza. Boksi lilikuwa la losheni ile ile, kifuniko kilikuwa kimefungwa, karatasi ya jina ilikuwa imenyooka. Mzee Ramazani aliipokea chupa, akaikagua kama anavyokagua kichwa kabla ya kuanza kazi. Akapitisha kidole gumba juu ya maandishi: wino haukutoka. Akatazama namba ya boksi na namba ya chupa. Hapo akakunja uso, maana hazikufanana. Kisha akaigeuza juu chini.

Akaisogeza kwenye mwanga.

Chini ya chupa, kwenye kioo, kulikuwa na mikwaruzo mitatu midogo, sambamba.

"Subhanallah," alisema. "Hii chupa ni yangu."

"Mzee, unasema nini?" Mjomba alisimama. "Nimenunua yenye kufungwa!"

"Ni yangu. Kila chupa ninayofungua, naikwaruza chini mara tatu na ncha ya wembe, sababu benzangu mu salon banapendaka kukamata ya mwingine. Hii losheni niliimaliza miye. Ilikuwa ya kweli, niliipaka batu. Kiisha nikapatia bale batoto banaokotaka machupa. Nilizani banaenda kutia asali."

Mwanangu, nilidhani nimekwisha kushtuka vya kutosha siku ile. Lakini niliposikia hivyo niliichukua chupa mwenyewe nikaitazama tena. Nilikuwa nikitafuta uongo juu ya chupa ile, herufi iliyopinda, picha iliyofifia. Haukuwepo. Chupa ilikuwa ya kweli. Karatasi ilikuwa ya kweli. Mtu fulani, mahali fulani Beni, alikaa kwenye meza yake na mrija, akachukua chupa safi ya mzee wetu, akaijaza maji ya kuchuna rangi ya mabati, akaitia rangi ya majani, akaifunga vizuri na kuitia katika boksi la chupa nyingine. Alijua mtu ataipaka kwenye ngozi iliyotoka kunyolewa. Alijua, akapuliza vumbi lililokuwa juu ya boksi. Hadi leo, nikilifikiria jambo hilo, sipati mahali pa kuliweka kichwani mwangu.

Mzee alilia bila kujificha. "Mwizi alikuwa na mayi yake tu," alisema. "Miye njo nilimupatia nyumba ya kuyaweka." Kisha akanigeukia, na sauti yake ikawa kali. "Na weye, binti. Pua yako ilisema kweli, ukaisema mara moja, ukaiacha. Siku ingine, hata kama ni mu matanga, hata kama ni mbele ya nani, sema mara ya pili. Simama, useme. Heshima haimuoshe mutoto macho."

Shangazi alikuwa pembeni, mkono wake umefungwa kitambaa chenye maji, na alisikia kila neno. Baadaye alikuja akakaa karibu yangu, bega kwa bega.

Siku zile za kungoja zilikuwa ndefu. Paluku alikataa kabisa kumaliziwa nywele. Upande wa kushoto kichwa kilikuwa kitupu, upande wa kulia nywele zote. Mzee alimbembeleza, mjomba akamtisha, akakataa. "Kavira ataniona kwanza," alisema. Watoto wa mtaa walimfuata wakiimba, wanawake wa sokoni walishika mbavu, naye alitembea hivyo hivyo, kichwa nusu, akileta uji kituoni asubuhi na jioni.

Siku muuguzi alipofungua bendeji, tulisimama mbele ya kitanda, mimi na Paluku. Kavira alifunga macho kwa mwanga, akayafungua, akayafunga tena. Machozi yalikuwa yanatoka, na jicho la kushoto lilikuwa na wekundu mwingi. Nilishika ukingo wa kitanda. Akatazama upande wetu kwa muda.

"Paluku," alisema, "nani alikukimbia na wembe?"

Paluku alikaa chini sakafuni akalia kama mtoto mchanga. Mimi nilicheka mpaka muuguzi akanifukuza chumbani.

Basi, ndiyo maana mama yako anafunga kitambaa chini hivi, karibu na nyusi. Pale mbele nywele hazikurudi. Na ndiyo maana jana, nilipoona kwenye dirisha lako losheni ya ndevu, nilikukaripia kabla ya kuuliza. Unasema, "Mama Mukubwa, ni ya bei chini tu, lakini ni nzuri." Sikukatalii. Bei ya chini peke yake si kosa. Baba yetu alijipaka ya bei ya chini miaka yote na uso wake ulikuwa laini. Ila ulizia bei yake maduka mawili matatu. Kama kote ni bei moja na mmoja anakupa kwa nusu, muulize nusu nyingine ameitoa wapi.

Usisome jina peke yake, maana jina linaweza kuwa la kweli na maji yakawa ya mwingine. Linganisha namba ya boksi na ya chupa. Angalia mdomo wa chupa chini ya kifuniko: kama kuna ukoko uliokauka, au pete ya kifuniko imekwisha kukatwa, mtu amepita hapo kabla yako. Iweke pamoja na chupa nyingine za rafu hiyo uone kama zimejazwa sawa. Muuzaji akikukataza hata kufungua boksi, mrudishie na umshukuru. Ukifika nyumbani, tone moja juu ya kitambaa cheupe. Ya kweli inakauka upesi na kuacha harufu, ile nyingine huacha duara la rangi au la mafuta. Kisha tone upande wa ndani wa mkono, ulale, utazame asubuhi. Usiijaribu kamwe kwanza kwenye uso ulionyolewa. Na hata baada ya hayo yote, ngozi ikiwasha kama moto, maji, maji mengi, na kituo cha afya.

Nimeipima yako, usikasirike. Ni ya kweli. Itumie.

Lakini ikiisha, usiitupe ilivyo na usimpe mwokota chupa. Chuna karatasi yake, toboa kifuniko kwa msumari, vunja shingo na uizike mahali watoto hawachezi. Mzee Ramazani alifanya hivyo mpaka alipofariki, na aliwafanya vinyozi wenzake wafanye, wengine wakimcheka. Na siku pua yako itakapokuambia kitu ambacho wakubwa hawataki kukisikia, kiseme kwa heshima. Wakikunyamazisha, kiseme tena.

Mungu akupe uso wenye amani na mikono isiyomfanyia mtu hila. Njia ya Beni iwe wazi unapokwenda kwa biashara yako, iwe wazi unapobeba mzigo wako kurudi. Ndevu zako ziote ukiwa na afya, na siku moja uwe na watoto wa kukuvuta ndevu hizo wakicheka. Nami nikuone ukizeeka, mwanangu, kwa macho yangu haya, na mama yako kwa macho yake yote mawili.