Viti Vilipotolewa Nje

Juzi, huko Mikelenge, mtaa wa mji wa Kindu, niliona majirani wakitoa viti kwenye nyumba yenye msiba, nikamkumbuka mama mdogo. Wakati wa vita, nikiwa mtoto ninayelelewa kwake, siku moja mumewe, rubani wa jeshi, alikuwa akionyesha michezo ya angani juu ya Kindu. Tulimpigia makofi, kisha ndege ikaanguka msituni naye ndani.

Alasiri hiyo nyumba yao ilinuka sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyoungua. Wanawake walitoa viti na kitanda, wakatandika mikeka. Sikujua nyumba ya wafiwa huandaliwa hivyo. Nilidhani tunahama kumfuata baba mdogo, nikafunga nguo zangu kwenye kitenge.

“Tunaenda lini?” nikauliza.

Mama mdogo alikifungua kitenge taratibu.

“Sisi tunabakia, mutoto wangu,” akasema. “Yeye njo alienda, yeye peke yake.”