Kurasa Kumi na Tisa za Mama Vifungo

Kwa miaka ishirini na miwili, fundi cherehani waliyemwita Mama Vifungo aliwapima wanawake wa mtaa wake bila hata mara moja kumtajia mtu kiuno cha mwenzake. Wateja walimpendea hilo. Mdomo wake, walisema, ulikuwa mzito kuliko pasi yake.

Mchana mmoja, akijaribu blauzi aliyojishonea, vidole vyake viligusa kitu kigumu kama punje ya harage kwenye titi la kushoto. Akafunga mlango wa duka, akaketi, akachukua simu. Mumewe hakumwambia. Wifi yake, waliyeishi naye nyumba moja, ndiye kabisa. Kifua cha yule hakikukaa jambo hata ukilitia pini.

Akafungua tovuti ya afya. Likatokea bango la maandishi madogo madogo, akabonyeza "Nakubali" kama anavyopangusa nyuzi mezani. Tovuti ikamuuliza, naye akajibu kama aliye mbele ya daktari: jina, umri, mtaa, namba ya simu, uvimbe uko upande gani.

Siku ya tatu yake simu ikalia. Mwanamke mwenye sauti laini alimwita kwa jina lake kamili, ambalo hata wateja wake wengi hawakulijua, akamweleza kuwa wanauza sidiria za waliokatwa titi, na za upande wa kushoto zipo tayari. Mkasi ulimponyoka.

Jumapili ikawa zamu ya wifi. Intaneti ya nyumbani, waliyoitumia wote, aliiweka yeye, ndiyo maana wote waliiita wifi ya wifi. Sasa simu yake ilikuwa imejaa matangazo ya kliniki za matiti.

"Nani anaumwa humu ndani?" aliuliza, mikono ikiwa kwenye sufuria.

Mama Vifungo alijibu kwamba labda simu imechanganyikiwa.

Alikimbilia kwa mpwa wake, karani kwenye ofisi ya mawakili. Wakaandika barua pepe kuitaka tovuti ionyeshe inachojua juu yake. Baada ya wiki tatu zikaja kurasa kumi na tisa. Mpwa akazisoma kwa sauti ya chini, shangazi amejishika shavu. Ilikuwemo kila saa aliyofungua tovuti. Ilikuwemo barabara aliyokuwa amesimama. Ukurasa wa upasuaji: dakika arobaini na moja, mara tisa. Kisha orodha ya kampuni sitini na tatu zilizopewa habari hizo, na chini yake mstari mmoja: "Hofu: kubwa. Uwezekano wa kununua: mkubwa."

"Rudia hapo," alisema. Mpwa akarudia. Mama Vifungo akajihisi kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Jioni hiyo alimkuta mumewe, fundi bomba, akisafisha spana zake barazani.

"Baba watoto, nina uvimbe kwenye titi. Kampuni sitini na tatu zinajua. Wewe ndiye wa mwisho kuambiwa."

Mume aliweka spana chini. Akasema kesho haendi kazini.

Hospitali walimpima, wakamwambia ni uvimbe wa mafuta, hauna madhara. Mumewe alilia ukumbini mbele za watu. Tovuti nayo ikaandika kwamba imefuta kila kitu, ila hao sitini na watatu awaandikie mwenyewe, mmoja mmoja.

Ameshawaandikia ishirini. Simu bado zinakuja. Juzi msichana mmoja alimpigia kumpa pole ya ugonjwa kabla ya kumuuzia dawa, naye akamwambia yeye ni mzima, haumwi chochote.

"Tangu lini, mama?" msichana aliuliza kwa upole, na nyuma ya sauti yake vikasikika vidole vikichapa kompyuta.

Mama Vifungo akakata simu.