Koti la Mama Duncan

Watu husema Philister alipanda cheo kwa kupenda nguo. Nguo wapi! Alipanda kwa hasira.

Alifika Minnesota wakati wa baridi, mwaka wa tisini, na sweta la shule mgongoni. Jumapili yake ya kwanza katika kanisa la Wakenya kule New Hope, Lois, mke wa mzee wa kanisa ambaye wote walimwita Mama Duncan, alimsimamisha mbele ya watu akamvisha koti lake kuukuu. Philister ni mrefu. Mikono ya koti iliishia karibu na viwiko.

"Si limekutosha?" Mama Duncan akauliza, akiwakonyeza wenzake. Kanisa likaangua kicheko.

"Limenitosha, asante." Mgeni angesema nini?

Lakini mtenda husahau, mtendewa hasahau. Philister alianza kwa kukunja soksi katika duka kubwa la ghorofa mjini Minneapolis. Akasoma jioni, akawa mnunuzi wa makoti, hatimaye mkurugenzi wa mavazi ya wanawake, Mwafrika wa kwanza kukalia kile kiti. Kila Novemba akawa anawagawia wanafunzi wageni makoti mapya, kanisani mle mle. Watu wakamsifu kwa huruma yake. Huruma gani! Alikuwa akimngoja mtu mmoja aje mezani kwake.

Na mtu akaja. Mama Duncan alimleta mpwa wake Mumbi, aliyetua juzi tu na sweta lake. Philister akamvisha binti koti jekundu, zuri ajabu. Kisha akachomoa lile kuukuu kwenye begi.

"Mama Duncan, hili lako. Mimi limenitosha. Hebu livae tuone."

Loo! Akaingiza mikono mbele ya watu wote. Mama Duncan alikuwa amenenepa. Koti likakataa kufungika.

"Si limekutosha?"

"Limenitosha," akanong'ona, machozi yakimlengalenga.

Philister aliona raha, tena raha ya kulamba vidole. Kumbe Mumbi alikuwa anavua koti jekundu. Alilikunja akaliweka mezani.

"Shangazi, twende." Akamshika mkono, wakatoka nje kwenye theluji, yeye na sweta lake tu.

"Mkimbilie mtoto wa watu, dada!" watu wakamwambia Philister.

Hakusogea. Alilishika lile koti jekundu, akawatazama mmoja mmoja.

"Siku yangu mimi," akasema, "nani kati yenu alinishika mkono?"